Kwa Nini Kioo cha Taksi Hutetemeka



Mkipanda kamunye, ile taksi ya abiria, pale Old Taxi Park, Kampala, lisikilizeni dirisha wakati gari linangoja abiria. Injini inanguruma, gari limesimama, na kioo kinatetemeka kama kinataka kutoka. Dereva akikanyaga mafuta, kioo kinanyamaza! Injini imezidisha nguvu, lakini kioo kimetulia. Imekuwaje?

Injini ya dizeli ya silinda 4 ikizunguka mara 750 kwa dakika hutoa mapigo 25 kila sekunde. Nacho kioo, sawa na paa au kiti, kina mwendo wake wa kutikisika. Ukikiongezea uzito, mwendo hupungua; ukikikaza, huongezeka. Mapigo ya injini yakilingana na mwendo huo, ndiyo bembea inayosukumwa kila inaporudi: nguvu kidogo, mruko mkubwa. Injini ikikimbia zaidi, mapigo na kioo hupishana.

Zamani kasoro kama hiyo ilijulikana gari likishaundwa. Kisha mwaka 1956, huko Marekani, Turner, Clough, Martin na Topp walichapisha namna ya kukokotoa ugumu wa maumbo ya ndege kwa kuyagawa vipande vidogo. Siku hizi bodi nzima ya gari hugawanywa hivyo kwenye kompyuta, maelfu kwa maelfu ya vipande, kila kimoja na uzito na ugumu wake, vimeshikana kwenye ncha. Mhandisi huitikisa bodi hiyo kwa hesabu na kuona paa linavimba wapi, sakafu inaruka wapi. Na hapa ndipo ninapopapenda zaidi: hata hewa iliyomo ndani hugawanywa, maana paa likitikisika huisukuma hewa, na hewa ndiyo inayoleta mvumo masikioni. Akiongeza ubavu mmoja wa chuma, anakokotoa upya; hang'oi paa.

Uganda nayo inaunda magari. Kiira EV, gari la umeme la viti 2, lilitoka Chuo Kikuu cha Makerere mwaka 2011. Basi la umeme la Kayoola, linalotumia pia jua, likazinduliwa mwaka 2016. Basi la umeme halina ngurumo ya dizeli ya kufunika milio mingine, kwa hiyo kila kinachogongana husikika. Ninyi mnaopenda hesabu na fizikia, njooni mtutengenezee mabasi yaliyotulia.