Njano, dhahabu na pinki: tangazo lilipendeza, bei haikusomeka

Mfanyabiashara mwenzangu, ngoja nikusimulie yaliyonikuta, wewe yasikukute.

Natengeneza sabuni nyumbani: za manjano, liwa na waridi. Rangi zangu nikazitoa kwenye bidhaa yenyewe: njano, dhahabu na pinki. Nikatengeneza tangazo kwa simu. Lilikuwa linawaka! Nyuma njano tupu, jina la sabuni kwa dhahabu, bei kwa maandishi meupe, pembeni maua ya pinki. Watu wakalisifia kweli kweli. Lakini kila anayeingia inboksi swali lake ni moja: "Dada, bei gani?"

Nikajua ni uvivu wa kusoma. Nikawa najibu kwa mkato, na wengine hawakurudi tena. Mpaka mama mkubwa akanipigia: "Mwanangu, ni macho yangu yamezeeka au hapa hujaweka bei?"

Nikatoka nje, nikalitazama lile tangazo juani. Kweli, bei haionekani.

Shida ni nini? Njano na nyeupe zote ni rangi zenye mwanga mwingi, zinamezana. Kuna viwango vya kimataifa vya maandishi ya mtandaoni: herufi za kawaida na rangi iliyo nyuma yake zinatakiwa zitofautiane kwa uwiano wa angalau 4.5 kwa 1. Nyeupe juu ya njano tupu haifiki hata 1.1. Dhahabu juu ya nyeupe inacheza kwenye 2. Lakini nyeusi juu ya njano inapita 19! Ndiyo maana mabango mengi ya tahadhari ni njano na nyeusi.

Kosa la pili liliniuma mfukoni. Nilichapisha stika 300. Pinki iliyokuwa inawaka kwenye simu ikatoka imepooza, dhahabu ikatoka kama haradali. Nikamlaumu mchapaji, kumbe simu hutengeneza rangi kwa mwanga, printa hutumia wino, na wino wa kawaida haufikii pinki kali kama ile. Dhahabu nayo kwenye simu ni ujanja tu: njano inayofifia kuelekea kahawia, jicho linadhani inang'aa. Ukitaka ing'ae kweli kwenye boksi, unaweza kubandika foili, na hiyo ina gharama yake.

Sasa nafanya hivi:

1. Rangi moja ndiyo bosi. Njano inachukua kama asilimia 60 ya tangazo, pinki 30, dhahabu 10 tu. Zote tatu zikipiga kelele, hakuna anayesikika.

2. Maandishi ni ya rangi nzito. Niliongeza damu ya mzee. Jina, bei na namba ya simu vyote viko humo. Dhahabu ni ya mstari na pambo, siyo ya bei.

3. Nimeshika namba za rangi zangu, ili kila tangazo lifanane: njano #FFD21F, dhahabu #D4AF37, pinki #D81B78, damu ya mzee #5C0A2E. Pinki hii imekolea, hivyo inabeba hata maandishi meupe.

4. Kabla sijapost, naigeuza picha iwe nyeusi na nyeupe kwenye simu. Maandishi yakipotea, narekebisha. Halafu naitazama juani, mwanga wa simu ukiwa chini, maana wateja wangu wengi wanaiona hivyo wakiwa kwenye daladala.

5. Kabla ya kuchapisha stika 300, naomba moja ya majaribio. Moja tu.

Siku hizi mteja anaingia inboksi na kuandika: "Dada, nitumie mbili za manjano." Bei ameshaiona.

Fungua tangazo lako la mwisho sasa hivi, ligeuze liwe jeusi na jeupe. Bei bado inasomeka?