Oili inavuja, na muda wa fundi hauna bei

Sili ya nyuma ya krenki ya Toyota ndogo ni pete ya raba inayoenea kiganjani. Kwenye maduka ya spea ya Gerezani, Dar es Salaam, au Barabara ya Kirinyaga, Nairobi, ni kati ya vitu vya bei nafuu kabisa vilivyopangwa nyuma ya kaunta. Lakini ili fundi aifikie, itabidi ashushe giaboksi, atoe klachi, afungue flaiwili, ndipo aione. Kuitoa na kuweka nyingine ni dakika chache. Kuifikia na kurudisha kila kitu mahali pake ni kazi ya siku.

Biashara ya kuziba uvujaji wa oili katika Afrika Mashariki inaishi ndani ya pengo hilo, na kasoro zake nyingi zinazaliwa humo humo. Mteja anakubali kulipia anachokishika mkononi, yaani gasketi au sili, ilhali anachonunua hasa ni saa za mtu. Kwa kuwa saa hizo hazina bei inayotajwa wazi, kila mmoja katika mnyororo huu amejitafutia njia ya kuzilipia kwa mlango wa nyuma.

Wateja hawataisha. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika likiwa limezidi miaka 8. Uganda ilipiga marufuku yenye miaka 15 na zaidi mwaka 2018. Tanzania haijaweka ukomo wa namna hiyo. Inatoza ushuru wa ziada wa bidhaa kwa gari dogo lililopita miaka 8, na ushuru unapanda tena likipita 10. Maana yake, gari ambalo mnunuzi wa Dar au Mombasa analiita jipya limeteremka melini na raba zilizokwisha kuzeeka Japani. Kilomita chache kwenye dashibodi hazisaidii sana hapo, kwa sababu raba huzeeshwa na joto na miaka hata gari likiwa limelala. Inakauka, inakuwa ngumu kama plastiki, inapoteza ule mbonyeo unaoibana kati ya vyuma viwili. Ukijumlisha foleni za mjini, injini ikichemka palepale bila upepo, na oili inayosogezwa kilomita elfu kadhaa kupita muda wake, tone la kwanza chini ya gari ni suala la lini tu.

Mkate wa kila siku wa gereji ni tapeti kava. Ndiyo sehemu ya juu kabisa ya injini, ndiyo rahisi kufikiwa, na ndiyo huanza. Kwenye injini ya 1NZ-FE, ile iliyojaa mitaani ndani ya Vitz, IST na Probox, gasketi yake ni raba inayokaa kwenye mfereji wa kava, na boliti zake zinatakiwa kukazwa kwa nguvu ya takribani nyutoni-mita 10 tu. Hiyo ni nguvu ndogo. Kwa spana fupi ni mzunguko wa kifundo cha mkono. Gereji nyingi hazina spana ya kipimo, kwa hiyo fundi anakaza mpaka mkono ukatae. Raba inabanwa kupita kiasi, inakatika kwenye pembe au inatoka kwenye mfereji, na baada ya wiki chache mteja amerudi na lawama kwamba aliuziwa feki. Mara nyingine kweli aliuziwa feki. Mara nyingine gasketi ilikuwa nzima na mkono ndio uliozidi.

Oili ikitoka hapo huteremka na upepo huisukuma nyuma, hadi injini nzima inalowa na sampu, bakuli la oili la chini, ndiyo inayoonekana inavuja. Hapa ndipo pesa nyingi za wateja hupotea. Fundi asiyeosha injini kwanza anafungua palipolowa, si panapovuja. Anayejua kazi anaosha, anakausha, anaacha injini iwake au gari liendeshwe kidogo, kisha anaangalia kuanzia juu kushuka chini. Kazi hiyo inakula saa nzima na haina kipande cha raba cha kumwonyesha mteja. Jaribu kumwandikia mwenye gari kwamba unamdai fedha ya kuangalia, uone atakavyokujibu.

Sampu nayo ina kisa chake. Kwenye injini nyingi za Toyota za petroli, 1NZ ikiwamo, kiwanda hakikuweka gasketi iliyokatwa kati ya sampu na bloku. Kiliweka gundi ya silikoni inayopakwa ikiwa laini na kugandia palepale. Gundi nzuri inapatikana, na ThreeBond ya Japani ni jina ambalo mafundi wazuri hulitaja. Lakini gundi yoyote inataka uso mkavu usio na chembe ya oili, mstari mwembamba usiokatika, na muda wa kushika kabla ya kumimina oili mpya. Vyote vitatu ni muda. Badala yake tube ya bei ya chini inakamuliwa kwa ukarimu, sampu inagongewa juu, oili inamiminwa, mteja anaondoka. Ile ziada iliyofinyika kwa nje haina madhara zaidi ya kuchukiza macho. Iliyofinyika kwa ndani inakatika vipande, inaelea kwenye oili na kunasa kwenye chujio la pampu. Injini inayokosa oili kwa sababu ya silikoni inakufa kwa gharama ambayo haifanani hata kidogo na ya tone lililokuwa likidondoka.

Kuna kitu kingine kidogo ambacho, kwa maoni yangu, kingepaswa kuwa cha kwanza kuguswa: vali ya PCV, ile inayorudisha moshi na mvuke wa ndani ya injini kwenye njia ya hewa ili uchomwe. Ikiziba kwa masizi, presha inajengeka ndani ya bloku na kutafuta pa kutokea, na pa kutokea ni kwenye sili na gasketi. Ukibadilisha gasketi zote ukaiacha vali imeziba, umezipa gasketi mpya kazi iliyozishinda zile za zamani. Kuikagua ni dakika chache, na aghalabu kuisafisha kunatosha. Hakuna anayepata kitu hapo, ndiyo maana haikaguliwi.

Sasa tuje kwenye spea zenyewe. Gasketi inayofika kwenye kaunta yetu imetoka njia kadhaa: ya mtengenezaji wa gari, ya kampuni za Japani na Ulaya kama NOK, Elring na Victor Reinz, ya viwanda vya China na Taiwan vyenye ubora wa ngazi zote, na ile iliyovaa boksi la mwenzake. Wafanyabiashara wetu hununua Dubai na Sharjah, na siku hizi wengi hupitiliza hadi Guangzhou, ambako mzigo huohuo mnunuzi anaweza kuchagua uwekwe ndani ya boksi gani. Kwa macho, raba nzuri na mbaya zinafanana zikiwa mpya. Tofauti ni mchanganyiko wake: ya kawaida ya naitraili inaanza kuchoka joto likizidi nyuzi 100 kwa muda mrefu, wakati za akriliki, silikoni na floraini zinastahimili zaidi. Mteja hana kipimo cha hilo dukani. Tume ya Ushindani ya Tanzania na Mamlaka ya Kupambana na Bidhaa Bandia ya Kenya zina uwezo wa kisheria wa kukamata na kuteketeza, ila gasketi ni bidhaa ndogo, nyepesi, ya bei ya chini, na mkaguzi mwenye akili atafuata mzigo mkubwa zaidi.

Kati ya duka na gereji kuna winga, yaani dalali, na kuna cha juu, ile nyongeza inayofichwa ndani ya bei ya spea. Fundi akimwambia mteja, “Gasketi ni kiasi hiki, ufundi tutaelewana, bosi,” anajua kwamba kwenye ufundi ataminywa, kwa hiyo amekwisha kujilipa kwenye gasketi. Duka linampa bei yake, yeye anampa mteja bei nyingine, na risiti inaandikwa inavyotakiwa. Wateja huliita wizi. Mimi naliona zaidi kama mshahara uliokosa jina. Ubaya wake si kiasi cha fedha, ni mwelekeo unaompa fundi. Akiwa analipwa kupitia spea, atapendekeza seti nzima ya gasketi pale palipohitaji moja, na katika bidhaa mbili atachagua yenye cha juu kikubwa, ambayo kwa kawaida ni ile iliyomgharimu kidogo mwenye duka. Gereji bubu iliyo chini ya mwembe haitofautiani hapa na ile yenye geti na mlinzi, isipokuwa ya pili ina ankara iliyochapwa.

Mafundi wa zamani hawakutegemea maboksi kiasi hicho. Walinunua karatasi ya gasketi kwa kipande, wakailaza juu ya chuma na kuigongagonga kwa nyundo ya kichwa cha mviringo mpaka kingo za chuma zenyewe zikaikata. Ufundi huo bado unaonekana kwa mafundi wa malori, jenereta na mashine za kusaga, na kwa pampu ya maji au kava la gia unafanya kazi barabara. Haufai kwa hedi ya gari la kisasa. Tahadhari moja: karatasi za kale za aina hiyo zilichanganywa na asbesto, na shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa limeziweka aina zote za asbesto kwenye orodha ya visababishi vya saratani. Ukikwangua gasketi ya lori la miaka ya 1970 kwa brashi ya umeme bila kuilowesha, unajaza mapafu yako vumbi lake.

Hedi ni biashara tofauti kidogo, maana hapo gereji hulazimika kupeleka kazi nje, kwa mwenye mashine ya kusaga. Gasketi za hedi za sasa ni tabaka kadhaa za chuma chembamba, na zinadai uso ulionyooka kwa kiwango kinachopimwa kwa sehemu za mia za milimita. Injini iliyowahi kuchemka hupinda hedi. Anayefunga gasketi mpya juu ya hedi iliyopinda, ili aokoe nauli ya bodaboda na ada ya mashine, atafungua tena.

Swali ambalo mtu wa hesabu ataliuliza ni kwa nini wenye magari huvumilia. Chukua gari linalopoteza robo lita kwa wiki. Kwa mwaka ni lita 13. Injini ya 1NZ-FE inabeba lita 3.7 pamoja na filta, kwa hiyo gari hilo limedondosha barabarani oili ya kutosha sevisi tatu na nusu. Hapo hatujagusa mkanda wa taimingi ulioloweshwa na kukatika kwenye injini za zamani, oltaneta iliyoingia oili, wala klachi inayoteleza. Kuziba ni nafuu, ukiitazama kwa mwaka.

Lakini teksi ya mtandaoni haitazamwi kwa mwaka. Dereva anampelekea tajiri, yaani mwenye gari, hesabu ya fedha waliyopatana kila siku au kila wiki, na siku ambayo gari limelala gereji bado tajiri anaulizia. Katika mapatano ya kawaida mafuta ni ya dereva na sevisi ni ya mwenye gari, na injini ikifa ni ya mwenye gari pia. Dereva hana sababu ya kutoa siku nzima ya kipato ili aokoe injini ya mtu mwingine. Anaongeza oili, anaendelea. Tajiri naye haoni tone, kwa sababu halali na gari. Wapo wenye magari wanaosamehe hesabu ya siku ya matengenezo, na wanapata taarifa za uvujaji mapema kuliko wenzao.

Injini ikishindikana, njia fupi ni kununua ya mtumba kutoka Japani, au noskati, nusu ya mbele ya gari iliyokatwa na kusafirishwa nzima. Muuzaji ataiwasha mbele yako, na inanguruma vizuri. Asichokwambia ni kwamba sili zake zina umri uleule wa zile unazozitupa. Kipindi ambacho injini iko chini, haijafungwa kwenye gari, ndicho pekee ambacho sili ya nyuma ya krenki haina gharama ya kufikiwa. Raba chache, nusu saa. Hata hivyo ziko injini nyingi zinazopandishwa bila kuguswa kwa sababu mteja ameshachoka kutoa hela, na fundi hataki kuongeza kipengele kwenye bei waliyokwisha kupatana.

Juhudi za kuwapa mafundi vyeti zipo. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi ya Tanzania, inapima na kurasimisha ujuzi wa waliojifunzia mitaani, na Kenya ina mitihani yake ya ufundi chini ya NITA kwa ngazi tatu. Cheti kinasaidia kupata kazi kwenye kampuni. Mtaani hakijabadilisha namna bei inavyopangwa, kwa kuwa mteja anayesimama kwenye gereji tatu mfululizo analinganisha tarakimu moja ya mwisho. Fundi anayeandika mistari miwili, spea kwa bei ya duka na saa zake kwa bei yake, pamoja na kuosha, kukagua na kusubiri gundi ishike, anaonekana ghali kuliko jirani aliyetaja jumla na kuficha saa ndani ya gasketi. Baadhi wameanza kumwambia mteja akanunue spea mwenyewe na kuwalipa mkono tu. Wanapoteza wateja wengi wa mara moja, na wanaobaki ni wale ambao tayari wamelipia gasketi ileile mara mbili kwingine.