Kula Mukuba na Kulishwa Mukuba

Zamani, kabla ya jina la Kolwezi kuandikwa kwenye ramani yoyote, mafundi wa Kisanga waliokuwa wakiyeyusha shaba katika nchi hii waliitwa balya mukuba, yaani wala shaba. Askofu Jean-Félix de Hemptinne alilihamishia jina hilo katika Kifaransa mwaka 1926 na kulifanya kichwa cha maandishi yake juu ya mafundi hao, na tangu hapo linarudiwa vitabuni. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kuelezwa maana yake. Kula kwetu si kutafuna tu: mtu hula mshahara, hula kiapo, hula hasara, hula fedha za wenzake. Balya mukuba walikuwa watu walioishi kwa shaba. Waliichimba, wakaiyeyusha, wakaimimina katika umbo la misalaba, na misalaba hiyo ikasafiri mbali ikinunua vitu.

Nimelikumbuka jina hilo kwa sababu ya zoezi la darasani. Katika somo la tafsiri tulipewa muhtasari wa tafiti kadhaa zilizofanywa Katanga na Lualaba, nyingine za wataalamu wa mimea, nyingine za madaktari, tuziandike kwa Kiswahili ambacho mama anayeuza mboga sokoni angekielewa bila mkalimani. Tulidhani ugumu utakuwa katika majina ya metali. Haikuwa hivyo. Kobalti ni kobalti, na hapa Kolwezi hata mtoto wa shule ya msingi analijua neno hilo, maana zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia nzima inatoka katika nchi yetu. Ugumu ulikuwa katika vitenzi, na katika silabi ndogondogo ambazo kwa kawaida hatuzitazami.

Nianze na ua. Katika vilima vyenye shaba miti ya miombo haioti. Unakuta uwazi wenye nyasi na mimea midogo tu, na wachimbaji wa kale waliusoma uwazi huo kama sisi tunavyosoma kibao cha duka. Mmoja wa mimea inayopenda udongo wa namna hiyo ni Haumaniastrum katangense, wa ukoo mmoja na kivumbasi na mnanaa, ambao wengi wanauita ua la shaba. Paul Duvigneaud, mtaalamu wa mimea kutoka Ubelgiji, aliichunguza mimea hii katika miaka ya 1950, na baada yake François Malaisse aliendelea kwa miaka mingi. Kilichonifurahisha ni kwamba ua hilo halioti juu ya mbale peke yake. Huota pia pale ambapo watu wa zamani walijenga tanuri zao, kwa kuwa makapi na vipande vya mawe vilivyoachwa viliutia udongo shaba. Wanaakiolojia walipoligundua jambo hilo wakaanza kulifuata ua, na ua likawapeleka kwenye tanuri za balya mukuba zilizokwisha kufunikwa na udongo. Kwa hiyo kazi ya mtu bado inasomeka ardhini baada ya karne kadhaa. Udongo haukusahau.

Jambo la pili kuhusu mimea linaonekana dogo, lakini ndilo lililotukalisha darasani saa nzima. Kwa miaka mingi iliandikwa kwamba baadhi ya mimea ya huku inakusanya shaba na kobalti kwa wingi wa ajabu katika majani yake. Mwaka 2007 Michel-Pierre Faucon, Mylor Shutcha na Pierre Meerts waliyapima tena majani ya mimea iliyosifiwa hivyo, na safari hii wakaangalia kuosha kunabadilisha nini. Kulibadilisha mengi. Sehemu ya metali iliyohesabiwa kuwa ya jani ilikuwa vumbi lililoshikamana na jani.

Sasa, Kifaransa cha muhtasari kilisema kwa jumla tu, metali ya majani. Kiswahili hakikubali uvivu huo. Lazima useme metali iliyopo janini au metali iliyomo janini. Kwa po na mo hizi umekwisha kueleza utafiti mzima: kabla ya 2007 watu walipima iliyopo wakaiita iliyomo. Sisi wa Katanga tunaosema mu nyumba na ku soko tumezoea kuambiwa kwamba Kiswahili chetu kimevunjika, lakini kwa tofauti hii masikio yetu yako macho kuliko ya wengi, kama masikio yanaweza kuwa macho.

Na tofauti hiyo inaingia jikoni. Mwaka 2014 watafiti wa Ubelgiji na wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, akiwemo daktari wa sumu Célestin Banza Lubaba Nkulu, walichapisha kazi iliyouliza swali rahisi: kobalti inawafikia watu kwa njia gani? Walipima chakula, maji na vumbi. Waliiona kobalti katika mboga, katika nafaka, katika samaki kwa wale wanaoishi kando ya ziwa. Na kwa watoto wanaoishi karibu na viwanda, katika vumbi wanalolimeza bila kujua, mikono ikitoka chini kwenda mdomoni. Yaani bukari, lengalenga, samaki na uwanja wa kuchezea. Balya mukuba, safari hii bila mafumbo.

Tayari mwaka 2009 Banza na wenzake walikuwa wametoa matokeo ya mkojo wa watu 351 wa Katanga. Wale waliokaa karibu na migodi na viwanda, na wengi wao hawakuwa wafanyakazi wa metali, walikuwa na kobalti nyingi kuliko ilivyowahi kuandikwa kwa watu wa kawaida popote. Kisha ikaja Kasulo.

Msomaji wa Kolwezi anaijua Kasulo. Kwa asiye wa hapa: ni mtaa wa mji, wenye nyumba, maduka na makanisa. Mwaka 2014 ilijulikana kwamba chini ya nyumba hizo kuna heterojeniti, jiwe jeusi lenye kobalti, na watu wakaanza kuchimba uani, wengine ndani ya vyumba vyao. Mashimo yakashuka, magunia yakapanda, na vumbi likakaa juu ya kila kitu kilichoanikwa. Utafiti uliotoka mwaka 2018 katika jarida la Nature Sustainability, wa Banza tena pamoja na Benoit Nemery wa Leuven na wenzao, ulilinganisha wakazi 72 wa Kasulo na wakazi 25 wa mtaa wa jirani usio na mashimo. Watoto wa Kasulo walikuwa na kobalti katika mkojo mara kumi ya watoto wale wengine. Walikuwa nayo kuliko hata watu wazima wa mtaa wao. Tena katika mikojo ya watoto hao zilionekana dalili za vinasaba vilivyodhurika.

Hapa mtafsiri anashikwa na hamu ya kuandika kwamba watoto wa Kasulo ni wagonjwa. Utafiti haukusema hivyo. Mkojo ni kama risiti: unaonyesha kwamba kitu kimepita, tena hivi karibuni, maana sehemu kubwa ya kobalti haikai mwilini kwa muda mrefu. Hauonyeshi peke yake kimefanya nini humo ndani. Kobalti kidogo tunaihitaji, imo katika vitamini B12. Ikizidi ni habari nyingine. Katika mji wa Quebec, Kanada, mwaka 1965 na 1966, wanywaji wakubwa wa bia waliugua moyo na wengine wakafa, na ikaonekana kwamba bia yao ilikuwa imetiwa kobalti ili povu lidumu. Lakini watu wale walikuwa wanywaji sana na wengi walikula vibaya, kwa hiyo huwezi kuuchukua moyo wa Quebec ukauweka kifuani mwa mtoto wa Kasulo. Unachoweza kusema ni kwamba vinasaba vilivyodhurika si jambo la kupuuza, na kwamba mtoto huyo hakuwahi kwenda mgodini. Mgodi ndio ulioingia chumbani kwake.

Utafiti uliotusumbua kuliko yote ulitoka Lubumbashi. Ulichapishwa mwaka 2020 katika The Lancet Planetary Health, na mwandishi wake wa kwanza ni Daan Van Brusselen. Kati ya Machi 2013 na Februari 2015 watafiti waliandikisha watoto wachanga 138 waliozaliwa na kasoro za kuonekana kwa macho, na wengine 108 waliozaliwa bila kasoro, wakawauliza wazazi maisha yao na kupima metali. Kazi ya baba katika uchimbaji au uchakataji wa metali ilijitokeza: uwiano ulikuwa 5.5. Mmoja wetu aliandika mara moja, migodi inasababisha vilema. Mwingine akaandika, kazi ya baba inahusiana kwa namna fulani na hali ya mtoto. Wa kwanza alisema zaidi ya watafiti. Wa pili aliwafanya waonekane kama hawakusema kitu.

Tazameni viambishi. Katika sababisha kuna -sh-, na -sh- humpa mtu kosa: alifanya, kikawa. Katika ambatana kuna -an-, na -an- hushikanisha vitu viwili bila kusema ni kipi kinachokivuta kingine. Watafiti waliliona jambo la -an-. Walikuta kwamba kasoro za watoto zinaambatana na kazi ya baba. Tena waliandika kwamba uwiano wa kweli unaweza kuwa popote kati ya 1.2 na 25, na moja ingekuwa na maana kwamba hakuna tofauti. Masafa hayo ni mapana kwa sababu idadi ya watoto ilikuwa ndogo. Na jambo walilolitazamia, kwamba metali nyingi katika miili ya mama zao zingelieleza jambo lote, halikuonekana waziwazi. Manganizi na zinki katika damu ya kitovu ndizo zilizoambatana na kasoro, tena kwa nguvu ndogo kuliko kazi ya baba.

Kwa nini nahangaika na -an-? Kwa sababu katika mitaa yetu mama anayezaa mtoto mwenye kasoro huulizwa alikula nini, alikanyaga nini, alimkosea nani. Kwa miaka na miaka swali limekuwa lake. Utafiti huu, pamoja na udogo wake, ulielekeza kidole kwenye kazi ya baba, na tafsiri mbaya ingeweza ama kulirudisha swali kwa mama, ama kumgeuza baba kuwa mkosaji mpya, yeye ambaye aliiendea kazi hiyo ili nyumba ile. Tuliandika hivi mwishoni: watoto wenye kasoro walionekana zaidi kuwa na baba anayefanya kazi ya metali, haijathibitishwa kwamba kazi ndiyo sababu, na idadi ya watoto ilikuwa ndogo, lakini tofauti ni kubwa kiasi cha kudai uchunguzi mwingine. Ni ndefu. Haina mvuto wa kichwa cha gazeti.

Ubishi wa mwisho ulikuwa juu ya kichwa cha karatasi yetu. Mwenzangu alitaka Watu Wanalishwa Kobalti. Mwalimu alikikata. Alisema tendwa inaficha mlishaji, na kwamba mtaani ukisema fulani amelishwa, watu wanamtafuta mchawi. Ni kweli. Lakini wanakula kobalti inamtwisha mzigo yule anayekula, kana kwamba alichagua. Tukaishia na kobalti inawaingia watu, kama tunavyosema homa imemwingia. Mimi sikuridhika. Homa haina mwenyewe. Vumbi la mashimo linalo, hata kama wenyewe ni wengi na baadhi yao ni jirani zetu waliokuwa na njaa. Bado naona kulishwa lilikuwa neno la kweli kuliko hilo tulilolichagua.

Jioni nilimsomea mama mdogo karatasi yetu. Anauza lengalenga. Alisikiliza mpaka mwisho akafikiri kidogo.

"Basi niongeze ndoo ya kuoshea?"

"Itasaidia, mama. Kuosha kunaondoa lililopo juu ya jani."

"Na lililomo?"

"Hilo limepanda kutoka kwenye udongo. Maji hayalifikii."

Akauliza kama watu hao wa chuo waliwahi kuupima udongo wa bustani yake, kule chini karibu na mto. Nikasema hapana.

"Basi waje," akasema, akaendelea kufunga mafungu ya kesho.