Kwa nini paka hunyonyoka manyoya, na mazoea ya anayemfuga yanachangia vipi?

Paka anapoanza kuonekana na upara tumboni au ndani ya mapaja, wengi wanaomfuga hudhani kwamba manyoya yanapukutika yenyewe, kama nywele za mtu aliyeugua kwa muda mrefu. Mara nyingi sivyo ilivyo. Manyoya huota kama kawaida, lakini paka mwenyewe huyakata na kuyang'oa kwa kujilamba kupita kiasi. Aghalabu kinachomfanya ajilambe hivyo hutokana na jambo linalofanyika, au lisilofanyika, katika nyumba anamoishi.

Ulimi wa paka umejaa vijiba vidogo vigumu vilivyoelekea nyuma, ndiyo maana ukimgusa mtu huhisi kama msasa. Paka mwenye afya huutumia kujisafisha kwa sehemu kubwa ya muda anaokuwa macho. Kwa hiyo si rahisi kwa mwenye paka kutambua ni lini usafi wa kawaida umegeuka kuwa maradhi. Zaidi ya hayo, wapo paka wanaojilamba mafichoni, watu wakiwa wamelala au wamekwenda kazini.

Dalili, hata hivyo, zipo. Manyoya yaliyolambwa huwa yamekatika, na ncha zake hukwaruza kidogo yakipapaswa kwa kidole. Manyoya mengi katika kinyesi au katika matapishi pia ni ushahidi.

Kiroboto anayesahauliwa

Miongoni mwa sababu za kawaida kabisa ni viroboto. Paka mwenye mzio wa mate ya kiroboto anaweza kuwashwa kwa siku kadhaa baada ya kuumwa mara chache tu. Kwa kuwa hujilamba kwa bidii, huwameza viroboto hao, na mwenye paka akipekua manyoya haoni kitu. Hapo ndipo huhitimisha kwamba tatizo si viroboto.

Kosa la pili ni kumtibu mnyama na kuisahau nyumba. Viroboto wazima wanaoishi juu ya mnyama hukadiriwa kuwa takriban asilimia 5 tu ya wote waliomo nyumbani. Asilimia 95 iliyobaki ni mayai, mabuu na wale ambao bado wamo ndani ya vifuko vyao, wakiwa wamejificha kwenye mikeka, magodoro, mazulia na nyufa za sakafu. Katika maeneo ya joto na unyevunyevu, kama vile pwani ya Afrika Mashariki, hakuna baridi kali ya kukatiza mzunguko huo. Anayempa paka mmoja dawa mara moja, akawaacha wanyama wengine wa nyumbani na asiguse matandiko, atarudi pale pale alipoanza.

Tiba inayogeuka sumu

Hatari kubwa zaidi huanza pale mwenye paka anapoamua kutafuta tiba mwenyewe. Permethrini, kemikali inayotumika katika baadhi ya dawa za viroboto vya mbwa, inaweza kumuua paka. Ini la paka halina uwezo wa kutosha wa kuivunjavunja kemikali hiyo, na saa chache baada ya kupakwa mnyama huweza kuanza kutetemeka na kupata degedege. Kwa sababu hiyo, dawa ya mbwa, au ile ya kuogeshea ng'ombe, haifai kwa paka hata ikipunguzwa kipimo.

Mafuta ya taa nayo huunguza ngozi, na sabuni za binadamu huikausha na kuongeza mwasho. Isitoshe, chochote anachopakwa paka huishia tumboni mwake, kwani kazi ya kwanza atakayoifanya akiachiwa ni kukilamba. Hali ni hiyo hiyo kwa krimu za ngozi zinazotumiwa na watu. Ama vidonge vya paracetamol, ambavyo wengine huwapa paka kwa nia njema, ni sumu kali kwao.

Sahani ya makombo

Manyoya kwa sehemu kubwa ni protini, na paka ni mnyama ambaye maumbile yake yanamtaka ale nyama. Anayelishwa kila siku wali uliobaki au ugali uliolowekwa kwenye mchuzi hushiba bila kupata anachokihitaji. Polepole manyoya yake hupoteza mng'ao, huwa membamba na hukatika upesi. Chakula hicho pia huwa na upungufu wa taurini, kirutubisho kinachopatikana katika nyama na samaki, ambacho mwili wa paka hauwezi kujitengenezea cha kutosha. Ukosefu wake hudhuru macho na moyo, viungo ambavyo kuharibika kwake hakuonekani mapema kama upara.

Msongo wa mawazo si jibu la kwanza

Ni kweli kwamba paka mwenye wasiwasi hujilamba ili kujituliza. Kuhamia nyumba nyingine, kuletwa kwa paka mgeni, sanduku moja la mchanga linalogombaniwa na paka kadhaa, au siku nzima bila mchezo wala pa kujificha, vyote vinaweza kumsumbua. Kumkemea anapojilamba humwongezea hofu, na hofu humrudisha katika kujilamba.

Hata hivyo, utafiti uliochapishwa mwaka 2006 katika jarida la chama cha madaktari wa mifugo cha Marekani ulitoa tahadhari. Ulihusu paka 21 waliodhaniwa kunyonyoka kwa sababu za kisaikolojia. Walipochunguzwa kwa kina, 16 walikutwa na maradhi ya kimwili yanayosababisha mwasho, na wengine 3 walikuwa na maradhi hayo pamoja na tatizo la kisaikolojia. Waliobaki na tatizo la kisaikolojia pekee walikuwa 2 tu. Maana yake ni kwamba anayesema "paka wangu ana mawazo tu" na kuishia hapo huenda anamwacha mnyama mgonjwa bila tiba.

Nini cha kufanya?

Mahali palipo na upara hutoa fununu. Upara wa kiunoni karibu na mkia huashiria viroboto. Kichwani na shingoni huenda ikawa ni utitiri au mzio wa chakula. Paka anayelamba sehemu ya chini ya tumbo bila kukoma anaweza kuwa na maumivu ya kibofu. Uchache wa manyoya kati ya jicho na sikio, kwa upande mwingine, ni jambo la kawaida kwa paka wengi.

Mabaka ya mviringo yenye magamba yanahitaji uangalifu wa pekee, kwa kuwa yanaweza kuwa choa. Kuvu wake huambukiza watu, hususan watoto wanaolala na paka au kumkumbatia. Ni vyema paka huyo atengwe na apelekwe kwa daktari wa mifugo mapema.

Kwa daktari, taarifa za nyumbani zina uzito sawa na vipimo: paka anakula nini, alipewa dawa gani na lini, nani amehamia au kuondoka, na upara ulianza wapi. Mwenye paka asione haya kutaja dawa aliyojaribu mwenyewe, hata kama anahisi alikosea, kwani kuificha kunaweza kumfanya daktari aongeze nyingine isiyopatana nayo.

Chanzo kikiondolewa, manyoya kwa kawaida huanza kurudi baada ya wiki kadhaa. Yasiporudi, au upara ukizidi kuenea, uchunguzi hurudiwa, na mazoea ya nyumbani hukaguliwa upya.