Tiramisu Isiyo na Mvinyo: Kitindamlo cha Kahawa kwa Jiko la Halali

 

Siku hizi katika karamu zetu, baada ya sinia za biriani kuondolewa, huletwa vikombe vidogo vya kioo vyenye tabaka nyeupe na tabaka za rangi ya kahawa, na juu yake pamenyunyizwa unga wa kakao. Hiyo ndiyo tiramisu, kitindamlo cha Waitaliano. Watoto huigombania, wazee huionja kwa ncha ya kijiko na kuuliza ndani mna nini. Swali la wazee ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Mama mmoja, ambaye binti yake huoka keki nyumbani na kuziuza, alinieleza baada ya darsa kwamba wateja wa binti huyo wamwomba tiramisu, na kila maelezo ya upishi anayoyapata yataja mvinyo wa Marsala, au rum, au kileo kingine cha lozi. Binti alikuwa njia panda. Akikataa, riziki yapita. Akitia kidogo, ajiambie kwamba ndivyo chakula chenyewe kilivyo tangu asili. Nilimjibu mama yule kwamba hukumu ni nyepesi, lakini kwanza tuitazame hiyo asili, kwa kuwa watu wengi huidhania isivyo.

Jina lenyewe ni la Kitaliano, na maana yake ni kama kusema "ninyanyue" au "nipandishe juu", yaani chakula cha kumrejeshea mtu nguvu. Mji unaotajwa zaidi kuwa chimbuko lake ni Treviso, kaskazini-mashariki ya Italia, si mbali na Venice. Huko palikuwa na mkahawa uitwao Le Beccherie, mali ya ukoo wa Campeol, na kitindamlo hiki kiliingia katika orodha ya vyakula vyake mwanzoni mwa miaka ya 1970. Ado Campeol, mwenye mkahawa, alifariki mwaka 2021. Watu wa jimbo jirani la Friuli Venezia Giulia nao wadai kwamba tiramisu ni yao, na mwaka 2017 wizara ya kilimo ya Italia iliiandika miongoni mwa vyakula vya jadi vya jimbo hilo. Watu wa Treviso hawakufurahi hata kidogo. Ziko na hekaya nyingine kuhusu asili yake ambazo hazifai gazeti linalosomwa na familia, nami naziacha zilipo.

Linalotuhusu sisi ni masimulizi ya ukoo wa Campeol. Husimulia kwamba Alba, mkewe Ado, alipokuwa mzazi na ananyonyesha, alipewa na mama mkwe wake jibini laini lililochanganywa na sukari na kahawa ili apate nguvu, na kutokana na hayo ndipo yeye na mpishi wa mkahawa, Roberto Linguanotto, walipotengeneza tiramisu. Aidha katika sehemu zile ilikuwa ni ada kupiga kiini cha yai na sukari mpaka kiwe kama povu, wakapewa watoto, wagonjwa wanaopata nafuu na wazee. Msomaji wa pwani hatashangaa. Nani kati yetu hajui uji wa pilipili manga wa mzazi aliye katika arubaini yake? Chakula cha mzazi na cha mtoto hakitiwi pombe, na maelezo ya upishi yanayonasibishwa na Le Beccherie ndivyo yalivyo: viini 12 vya mayai, nusu kilo ya sukari, kilo moja ya jibini la mascarpone, biskuti 60, kahawa na kakao. Basi. Hamna Marsala, hamna rum. Vileo vimeingizwa baadaye na wapishi wengine, kisha vikazoeleka hata watu wakadhani kwamba pasipo hivyo tiramisu si tiramisu.

Kwa hiyo binti anayeacha pombe hakipunguzi kitu chakula hiki; akirejesha tu kilivyokuwa.

Ama hukumu, haina mzozo. Allah Subhanahu wa Taala ametaja ulevi katika Suratul Maida, aya ya 90, akauhesabu kuwa ni uchafu wa kuepukwa, na Mtume wetu, swalla Llahu alayhi wasallam, ametufunza kwamba kinacholevya kingi chake, hata kidogo chake ni haramu. Husemwa na wapishi kwamba moto huiondoa pombe. Katika tiramisu hoja hii haina hata pa kusimama, maana rum huchanganywa na kahawa baridi, biskuti ikachovywa, na kisha haipiti tena motoni. Kijiko kimoja ni kijiko kimoja mpaka mdomoni. Zaidi ya hayo, katika madhehebu yetu ya Kishafii mvinyo ni najisi, na kijiko hicho huinajisi kahawa yote. Wako wanaouliza kuhusu arki zenye harufu ya rum zisizo na kileo. Kama kweli hazina, siwezi kuziita haramu; lakini sioni fakhari ya kumzoesha mtoto ladha ya kitu tusichotaka akitamani atakapokuwa mkubwa. Wallahu aalam.

Hapa niruhusiwe kutoka njiani kidogo, kwa sababu kisa cha kahawa kina jambo la kustaajabisha. Neno "qahwa" katika Kiarabu cha kale lilikuwa ni moja ya majina ya mvinyo. Masufi wa Yemen, katika karne ya 15 Miladia, ndio waliojulikana kwa kuinywa kahawa ili wakeshe katika dhikri, na kinywaji chao kikachukua lile jina la zamani. Mwaka 1511, sawa na 917 Hijria, Khair Beg, aliyekuwa na mamlaka Makka kwa niaba ya dola ya Mamluki, alikusanya wanachuoni na kuipiga kahawa marufuku, kwa hoja kwamba huathiri akili kama kileo. Marufuku hayo hayakudumu. Waliochunguza waliona kwamba kahawa haiondoi akili bali huiamsha, na ikabaki halali. Waveneti waliijua kupitia biashara yao na Misri na nchi za Waturuki. Tabibu Prospero Alpini aliyekaa Misri aliuchapisha wasifu wa mmea wake mwaka 1592, na mwaka 1720 mkahawa wa Florian ulifunguliwa Venice, nao ungali wazi hadi leo. Kwa hiyo kinywaji kilichoshtakiwa Makka kwa kufananishwa na pombe, kikasafishwa jina lake, ndicho hicho walichokuja watu wengine kukitilia pombe ndani ya kitindamlo.

Tuingie jikoni. Kwa watu wanane hivi, tayarisha mascarpone gramu 500, viini vya mayai sita, sukari gramu 120, kahawa nzito isiyo na sukari kiasi cha mililita 350, biskuti 30 na vijiko viwili vya unga wa kakao usio na sukari. Sukari nimeipunguza sana kuliko ile ya Treviso, na nyumba zetu zinajua sababu yake.

Mascarpone ni jibini laini la malai lenye asili ya Lombardia. Madukani ni ghali, na mara nyingi hupatikana katika maduka makubwa peke yake. Lakini lina sifa inayotufaa: kwa desturi hugandishwa kwa tindikali, kama maji ya limau, wala si kwa kile kigandishi kinachotolewa tumboni mwa ndama, ambacho huwatia watu shaka ya machinjo. Na kwa kuwa ni rahisi hivyo, laweza kutengenezwa nyumbani. Chukua lita moja ya malai mazito, yenye mafuta yasiyopungua asilimia 30; yaliyo mepesi hayatashika. Yapashe kwa moto mdogo mpaka yafike nyuzi 85, yaani yanakaribia kuchemka lakini hayajachemka. Tia vijiko viwili vya chakula vya maji ya limau au ndimu, koroga polepole kwa dakika tano hivi mpaka malai yashike mgongo wa mwiko. Yaache yapoe, yamimine katika kitambaa safi cha melimeli kilichotandikwa juu ya chujio, na uyaweke katika jokofu usiku kucha yachuruzike maji. Asubuhi utakuta jibini zaidi ya nusu kilo.

Mayai ndiyo yanayotaka uangalifu zaidi kuliko yote. Katika maelezo ya asili viini hupigwa vibichi. Mimi sipendekezi hivyo. Yai bichi laweza kuwa na vijidudu vya salmonela, na wanaodhurika zaidi ni wajawazito, watoto wadogo na wazee, nao ndio hasa wanaozunguka sinia zetu. Weka viini na sukari katika bakuli lisiloungua, likalishe juu ya sufuria yenye maji yanayotokota kidogo bila bakuli kuyagusa, kisha piga bila kusita mpaka mchanganyiko uwe mweupe, mzito, na ufike nyuzi 71. Kipimajoto cha jikoni si ghali, na anayeuza chakula asikikose. Ukiacha kupiga, viini vitagandamana kama mayai ya kukaanga. Ondoa motoni, endelea kupiga mpaka vipoe kabisa, ndipo uingize mascarpone kidogo kidogo kwa mwiko. Usilipige sana jibini hili. Likipigwa sana hujitenga likawa chengachenga, na hapo halirudi.

Biskuti zinazotumika huitwa savoiardi, ndefu, nyepesi, kavu, za mfano wa kidole. Ukinunua za pakiti, soma yaliyoandikwa ubavuni, kwani baadhi hutiwa ladha zenye kileo. Ukizikosa, oka keki ya sponji nyembamba, ikate vipande virefu, uvirudishe katika oveni yenye moto mdogo vikauke. Wala usidhani ni kazi duni. Tiramisu ya keki iliyokaushwa vyema hushinda ile ya biskuti zilizokaa rafuni miezi.

Kahawa iwe chungu na iwe imepoa. Waitaliano hutumia ile birika lao la moka, lakini dele la nyumbani latosha, mradi kahawa iwe nzito mara mbili ya ile ya kunywa na ichujwe isibaki machicha. Kahawa yetu ya tangawizi naipenda sana kwa kashata barazani. Humu haifai, huyapiga vita malai. Hiliki kidogo yastahimilika. Atakaye kuitia na aitie, ila asiiite ya Treviso.

Chovya biskuti moja moja, upande huu na upande huu, kwa muda wa kutamka Bismillahi tu, kisha ipange katika bakuli bapa. Ikikawia huwa uji. Funika kwa nusu ya malai, panga safu ya pili, malizia malai yaliyobaki. Funika bakuli na uliweke katika jokofu muda usiopungua saa sita. Likilala usiku ni bora zaidi. Kakao ichungwe kwa kichujio cha chai wakati wa kupakua, si kabla, la sivyo hulowa ikaonekana kama matope. Katika mapishi haya hamna haja ya jelatini. Wanaoitia hutaka vikombe visimame imara karamuni, na kwa kuwa jelatini nyingi hutokana na nguruwe, aulizaye ana haki ya kujibiwa waziwazi.

Kwa binti yule anayeuza, nimependekeza abandike juu ya kila chombo karatasi yenye orodha ya vilivyomo na tarehe ya kutengenezwa, na asiuze kilichopita siku mbili. Joto la Mombasa halina huruma kwa malai na mayai. Nje ya jokofu tiramisu isikae zaidi ya saa mbili, na siku za kaskazi, joto likipita nyuzi 32, isipite saa moja. Umeme ukikatika, mlango wa jokofu usifunguliwe, na ukikawia kurudi zaidi ya saa nne, iliyobaki imwagwe hata kama harufu yake bado ni nzuri. Kwa harusi, ipelekwe ndani ya sanduku lenye barafu, na itolewe biriani ikishaondolewa, si wakati maji ya kunawa yanapopitishwa mara ya kwanza.