Unga Unapofunga Tumbo



Katika mitaa ya Gikomba na Pumwani, jijini Nairobi, kama ilivyo Mombasa na Malindi, zimo nyumba ambazo mama hulala na siri: kijana wake anatumia unga. Mengi yamenenwa juu ya akili ya kijana huyo. Leo tunapenda kunena juu ya tumbo lake, kwani mama ndiye anayeliuguza, na asipoyajua mambo yake huweza kumpoteza mwana.

Mwenyezi Mungu ameyazungushia matumbo ya mwanadamu mtandao wa mishipa ya fahamu, wenye seli mamia ya mamilioni. Mtandao huo huyaamrisha matumbo kubana na kulegea hata pasipo kungoja amri ya ubongo. Juu ya seli hizo mna vipokezi, mfano wa vitasa vingojavyo funguo zake. Funguo za asili hutengenezwa na mwili wenyewe. John Hughes na Hans Kosterlitz walizibainisha huko Aberdeen, Scotland, mwaka 1975.

Afyuni, mofini, kodeini na heroini ni funguo za kigeni ziingiazo katika vitasa hivyo hivyo. Zikiingia, mishipa hunyamaza, matumbo hupunguza mwendo, maji hufyonzwa mno na choo huwa kigumu. Mwili huizoea raha ya unga, mtumiaji akataka kiasi zaidi. Lakini utumbo hauzoei vivyo, ndipo kufunga choo kukamwandama muda wote.

Akiuacha ghafla, mambo hugeuka. Mishipa iliyonyamazishwa huamka kwa kishindo: tumbo humkata, akahara na kutapika. Hiyo ni sehemu ya arosto. Si jini wala husuda. Mama amfungiaye chumbani ajue kwamba kupungukiwa na maji kwaweza kuua. Ampe dawa ya kurudisha maji mwilini, kidogo kidogo, na akishindwa kunywa ampeleke hospitali upesi. Ajue pia kwamba aliyekaa siku kadhaa bila unga, akirudia kiasi chake cha zamani, pumzi huweza kukatika, maana mwili umepoteza mazoea.

Wako wanaokimbilia loperamaidi, vidonge vya kuzuia kuhara. Navyo ni ufunguo wa vitasa vya tumbo, na kwa kiasi cha kawaida haviuathiri ubongo. Vikizidishwa huvuruga mapigo ya moyo, hata mauti. Wala asipewe mtoto mdogo anayehara. Yeye apewe dawa ya kurudisha maji, pamoja na zinki.

Njia iliyo salama zaidi ni methadoni mikononi mwa waganga. Muhimbili, Dar es Salaam, walianza kuitoa mwaka 2011, Mathari, Nairobi, mwaka 2014, na Malindi mwaka 2015. Kwa mkazi wa Gikomba, kliniki ya Ngara haiko mbali. Methadoni nayo hufunga choo, kwa kuwa yaingia katika vitasa vile vile. Kijana asiiache kwa sababu hiyo. Amweleze mhudumu apewe haluli inayomfaa, anywe maji ya kutosha, ale mboga na matunda.

Kuhifadhi nafsi na akili ni katika makusudio makuu ya sharia yetu. Basi, enyi mama zetu, msione haya kumshika mwana mkono hadi mlango wa kliniki. Mficha maradhi, kilio humfichua.

Wabillahi tawfiq.