Pikipiki za Mbio Barabarani: Je, Sifa Zake Zina Ukweli?

Pikipiki kubwa za mbio, zile zenye umbo la kuchongoka, usukani wa chini na injini yenye mlio mkali, zimesifiwa kwa miongo mingi. Matangazo ya biashara huzieleza kwa tarakimu za kushangaza: nguvu za farasi 200, mwendo wa kilomita 300 kwa saa, injini inayozunguka mara 14,000 kwa dakika. Vijana wengi, hata wale ambao hawajapata kuiona moja kwa macho, wazijua tarakimu hizo kwa moyo.

Tarakimu zenyewe si za uongo. Swali linalomhusu mwanasayansi ni jingine: je, zina maana gani kwa mtu anayekwenda kazini, sokoni au mji wa jirani, katika barabara yenye magari, watembea kwa miguu na matuta? Swali hili laweza kujibiwa bila maabara, kwa kutumia kanuni za fizikia zinazofundishwa katika shule za sekondari.

ASILI YA PIKIPIKI HIZI

Mwaka 1969 kampuni ya Honda ya Japani ilitoa pikipiki iitwayo CB750, yenye silinda nne na breki ya sahani kwenye gurudumu la mbele. Chombo hicho kiliwapa watu wa kawaida nguvu ambayo hapo awali ilikuwa ya wachache. Mwaka 1985 Suzuki ilianza kuuza GSX-R750, pikipiki yenye fremu ya alumini iliyofanana sana na zile za mashindano ya masafa marefu. Tangu hapo mipaka kati ya uwanja wa mbio na barabara ikaanza kufifia.

Mwaka 1988 yalianzishwa mashindano ya dunia ya Superbike, ambayo kanuni zake hudai kwamba pikipiki zinazoshindana zitokane na zile zinazouzwa kwa umma. Hivyo mtengenezaji aliyetaka kushinda uwanjani alilazimika kuuza dukani chombo ambacho tayari kilikuwa na mifupa ya mbio. Mwaka 1999 Suzuki ilitoa Hayabusa, iliyovuka kilomita 300 kwa saa. Muda mfupi baadaye watengenezaji wakubwa walikubaliana kuzifunga pikipiki zao zisipite mwendo huo, kwa kuhofia kwamba serikali za Ulaya zingeweka sheria kali zaidi.

KANI NA NGUVU SI KITU KIMOJA

Katika mazungumzo ya kila siku maneno haya mawili huchanganywa, lakini katika fizikia yana maana mbalimbali. Kani ndiyo inayosukuma au kuvuta. Nguvu ya injini ni kiasi cha kazi inayofanyika kila sekunde, nayo hupatikana kwa kuzidisha kani ya kuzungusha na kasi ya mzunguko. Kwa hiyo injini yaweza kupata nguvu nyingi kwa njia mbili: kuzungusha kwa kani kubwa, au kuzunguka upesi mno.

Mfano mzuri umo katika pikipiki mbili za kampuni moja, Yamaha. Ya kwanza ni YZF-R6, yenye silinda nne na ujazo wa sentimita 599 za ujazo. Katika toleo la mwaka 2017 injini yake ilitoa kilowati 87 hivi ikizunguka mara 14,500 kwa dakika. Ya pili ni YZF-R7 iliyotolewa mwaka 2021, yenye silinda mbili na ujazo wa sentimita 689 za ujazo, ambayo hutoa kilowati 54 ikizunguka mara 8,750 kwa dakika. Kwa kutazama nguvu peke yake, R6 yaishinda R7 kwa mbali, na uzito wa zote mbili ni karibu kilo 190.

Lakini ikitazamwa kani ya kuzungusha, mambo hubadilika. Kani ya juu kabisa ya R6 ni nyutoni-mita 61.7, nayo hupatikana kwenye mizunguko 10,500. Ya R7 ni nyutoni-mita 67, nayo hupatikana kwenye mizunguko 6,500 tu. Siri ya R6 ni pistoni yenye mwendo mfupi: hupanda na kushuka milimita 42.5, wakati ile ya R7 husafiri milimita 68.6. Mwanafunzi akikokotoa mwendo wa wastani wa pistoni pale nguvu inapofikia kilele, ataona kwamba katika injini zote mbili ni karibu mita 20 kwa sekunde. R6 haikimbizi pistoni zake kuliko R7, bali imefupisha safari yake ili iweze kuirudia mara nyingi zaidi.

Matokeo yake ni kwamba nguvu ya R6 imekaa juu kabisa, mahali ambapo mwendeshaji wa mjini hafiki. Hata katika gia ya kwanza, injini hiyo haifikii kilele chake mpaka pikipiki iwe imevuka kilomita 100 kwa saa. Katika mwendo wa kawaida wa mjini, R7 yenye sifa ndogo huitika upesi na bila kelele nyingi. R6 haikuuzwa tena kwa matumizi ya barabara za Ulaya baada ya mwaka 2020, kwa kuwa haikurekebishwa kutimiza sheria mpya za moshi. Ilibaki ikiuzwa huko kwa ajili ya viwanja vya mbio.

KIKOMO CHA GURUDUMU LA MBELE

Yaweza kudaiwa kwamba pikipiki yenye injini ya lita moja, inayotoa kilowati 150 hivi, ina nguvu ya kutosha katika kila mwendo. Hapa kuna kikomo kingine, nacho hakitokani na injini.

Pikipiki inapoongeza mwendo kwa ghafla, uzito huhamia nyuma na gurudumu la mbele huwa jepesi. Kani inayosukuma kwenye tairi la nyuma ikizidi kiasi fulani, gurudumu la mbele huinuka. Kiasi hicho hutegemea urefu wa kitovu cha uzito kutoka ardhini na umbali wake kutoka gurudumu la nyuma. Katika pikipiki nyingi za aina hii, mwendeshaji akiwa juu yake, vipimo hivyo viwili hukaribiana, kila kimoja kikiwa sentimita 70 hivi. Kanuni ya wenzo basi yaonyesha kwamba mchapuko, yaani ongezeko la mwendo katika kila sekunde, hauwezi kuzidi sana ule wa jiwe linaloanguka: mita 9.8 kwa sekunde, kila sekunde.

Ikichukuliwa kwamba pikipiki na mwendeshaji wana jumla ya kilo 270, kani ya kuwafikisha kwenye kikomo hicho ni nyutoni 2,650 hivi. Nguvu ni kani mara mwendo. Katika kilomita 50 kwa saa, ambayo ni mita 13.9 kwa sekunde, nguvu inayohitajika ni kilowati 37. Zaidi ya hapo nguvu haimpeleki mwendeshaji mbele upesi zaidi, bali humwinua. Ndiyo sababu pikipiki za siku hizi zina vifaa vya kielektroniki vinavyoipunguza nguvu ileile ambayo mnunuzi ameilipia.

Kwa hesabu hiyohiyo, kilowati 150 haziwezi kutumika zote mpaka mwendo upite kilomita 200 kwa saa. Hata kumpita lori katika barabara kuu hakuhitaji kiasi hicho: kuongeza mwendo kwa nusu ya kikomo, pikipiki ikiwa katika kilomita 100 kwa saa, huhitaji tena kilowati 37 hivi, pamoja na chache za kuushinda upepo. Huenda si jambo la kushangaza kwamba sheria ya leseni ya Umoja wa Ulaya, iliyoanza kutumika mwaka 2013, iliweka kilowati 35 kuwa kikomo cha pikipiki za daraja la kati.

UPEPO NA MWILI WA MWENDESHAJI

Kani ya upepo huongezeka kwa mraba wa mwendo, na nguvu ya kuushinda huongezeka kwa mchemraba wake. Kwa makadirio, kudumisha kilomita 50 kwa saa katika barabara tambarare hakuhitaji hata kilowati 2. Kilomita 100 huhitaji kilowati 6 hivi, lakini kilomita 300 huhitaji zaidi ya 120. Kwa hiyo sehemu kubwa ya injini inayosifiwa imetengenezwa kwa ajili ya kupambana na hewa katika mwendo usioruhusiwa katika barabara za mijini za nchi yoyote. Pikipiki za bodaboda za Afrika Mashariki, ambazo nyingi zina injini za sentimita za ujazo 100 hadi 150 na nguvu isiyofika kilowati 10, hubeba abiria na mizigo mchana kutwa kwa sababu hiyo.

Upepo ndio unaoeleza pia kwa nini pikipiki za mbio huuchosha mwili. Mwendeshaji hulala kifudifudi juu ya tangi, na mikono yake hushika usukani ulio chini. Katika mwendo mkubwa hewa humkandamiza kifuani na kuubeba uzito wake, hata mikono ikapumzika. Katika mwendo wa mjini msaada huo haupo, na uzito wote wa kiwiliwili huangukia viganja na shingo. Aidha, rejeta hutegemea hewa inayopita. Kwenye msongamano feni hulazimika kufanya kazi hiyo, na joto la injini humrudia mwendeshaji mapajani.

KUSIMAMA

Breki za pikipiki hizi ni bora sana, lakini kikomo cha wenzo kipo hapa pia: breki ikibanwa mno, gurudumu la nyuma ndilo linaloinuka. Mchanga juu ya lami hukishusha kikomo hicho zaidi, kwa kuwa tairi huteleza kabla ya kuinuka. Vilevile, tairi za mbio hufanywa kwa mpira unaoshika vizuri ukiwa moto, na kwa sababu hiyo uwanjani huvikwa blanketi za umeme kabla ya mashindano.

Ikichukuliwa kwamba mwendeshaji hutumia sekunde moja kutambua hatari na kubana breki, na kwamba pikipiki hupunguza mwendo wa mita 7 kwa sekunde katika kila sekunde, umbali wa kusimama ni kama ifuatavyo:

Kilomita 50 kwa saa: mita 28.
Kilomita 100 kwa saa: mita 83.
Kilomita 150 kwa saa: mita 166.

Mwendo ukiongezwa mara tatu, umbali huongezeka karibu mara sita. Pikipiki yenye nguvu nyingi yaweza kutoka kilomita 50 hadi 100 katika muda wa sekunde moja na nusu hivi. Katika muda huo mfupi mita 28 zimekuwa 83, na mtoto aliyekuwa akivuka barabara mbali, penye usalama, sasa yumo ndani ya eneo ambalo hakuna breki itakayomwokoa.

Mwaka 2007 taasisi ya Marekani iitwayo Insurance Institute for Highway Safety ilieleza kwamba vifo vya waendeshaji wa pikipiki za mbio, kwa kulinganisha na idadi ya pikipiki zilizosajiliwa, vilikuwa karibu mara nne ya vile vya pikipiki za aina nyingine. Takwimu hizi zapaswa kusomwa kwa uangalifu. Wengi wa waendeshaji hao walikuwa vijana, na kijana hujiingiza katika hatari hata juu ya chombo kidogo. Haiwezekani kuitwika pikipiki lawama yote. Hata hivyo chombo kinachofika mwendo wa hatari katika sekunde moja na nusu hakimwachii mtu asiye na uzoefu nafasi ya kujirekebisha.

FAIDA ZILIZOPATIKANA

Haitakuwa haki kusema kwamba mbio hazikuleta manufaa. Fremu nyepesi na imara, tairi zinazoshika vizuri zaidi na breki za sahani zenye nguvu zimeenea hadi kwenye pikipiki za kawaida. Lakini si kila kifaa kizuri kilitoka uwanjani. Mfumo wa kielektroniki wa kuzuia magurudumu yasijifunge wakati wa kubana breki ulitolewa mara ya kwanza mwaka 1988 katika BMW K100, pikipiki iliyokusudiwa safari ndefu. Kuanzia mwaka 2016 Umoja wa Ulaya ulianza kuulazimisha kwa pikipiki mpya zenye injini kubwa kuliko sentimita za ujazo 125.

Kwa hiyo jibu la swali la mwanzo lina pande mbili. Pikipiki ya mbio hutimiza ahadi zake katika uwanja uliofungwa, penye lami safi, kona zinazojulikana na watu wote wanaoelekea upande mmoja. Barabarani, sehemu kubwa ya uwezo wake haitumiki, na ile inayotumika huweza kupatikana katika chombo chenye nusu ya nguvu na bei nafuu zaidi. Wahenga walisema kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Pikipiki hizi si mbovu, lakini hutembezwa kwa sifa za mahali ambapo mnunuzi wake hatakwenda.

ZOEZI LA DARASANI

Mwalimu aweza kuwaongoza wanafunzi kupima umbali wa kusimama kwa kutumia baiskeli katika uwanja wa shule. Pimeni mita 20 na mtumie saa kupata mwendo wa mpandaji, kisha abane breki kwenye alama ya mwisho. Pimeni umbali aliosafiri hadi kusimama. Rudieni kwa mwendo ulioongezwa mara moja na nusu, juu ya udongo mkavu, kisha juu ya udongo uliotiwa maji kidogo. Linganisheni matokeo na kanuni ya mraba wa mwendo, na mjadili kwa nini hayalingani nayo sawasawa.